Kushuka bandarini kwenye kruzi ya Mediterania bila kuliwa hela na bila kuachwa na meli

Nimepanda meli za kitalii mara mbili bahari ya Mediterania. Ya kwanza nilikuwa na rafiki yangu tukazunguka Ugiriki na Uturuki, ya pili nikamchukua mama yangu kutoka Tanga, miaka 68, magoti yanamsumbua, tukaanzia Barcelona tukapita Marseille, Genova, Civitavecchia, Napoli, Messina na Valletta. Safari ya kwanza tulipoteza hela na muda mwingi kwasababu hatukujua chochote. Ya pili ilikwenda vizuri mpaka mama anaisimulia kanisani. Tofauti yake yote ilikuwa kwenye zile siku za kushuka nchi kavu, kwasababu chakula cha meli ni kilekile na bahari ni ileile, ila siku ya bandarini ukiipanga vibaya haikurudii.

Kitu kikubwa nilichojifunza nakiweka hapa juu kabisa: jina lililoandikwa kwenye ratiba ya meli siyo mahali meli inapofunga. Ratiba inasema Roma, meli inafunga Civitavecchia, zaidi ya kilomita 70 kutoka Roma. Inasema Florence, meli iko Livorno, treni peke yake ni kama saa moja na nusu. Athens ni Piraeus. Na Venice ndo usiseme, tangu Agosti 2021 meli kubwa zimezuiwa kupita kati ya mji, kwahiyo nyingine zinafunga Marghera na nyingine zinakwenda mpaka Ravenna au Trieste, miji mingine kabisa. Kwahiyo kabla hujalipia chochote uliza swali moja tu, kutoka ngazi ya meli mpaka kile ninachotaka kukiona ni mbali kiasi gani na nafika kwa usafiri gani? Mengine yote yanatoka hapo.

Hatua ya kwanza: viza, tena kabla hujachagua meli

Sisi wenye pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda na majirani tunahitaji viza ya Schengen, yani viza moja ya kundi la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, hata kama tunalala melini kila siku. Mi naishi Uingereza kwa kibali lakini pasipoti yangu bado ya nyumbani, nikaomba kama mama alivyoomba. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukikataliwa hairudi, kwahiyo usilipie meli hela yote kabla viza haijatoka, lipia kianzio halafu subiri.

Sasa mtego uko hapa. Viza ya kuingia mara moja, ukishatoka eneo la Schengen imekwisha. Meli yako ikipita Kuşadası Uturuki, au Kotor Montenegro, au Tunis, umetoka, na ikirudi Athens au Palermo unahesabiwa unaingia upya. Kwahiyo kwenye fomu omba ya kuingia mara nyingi na ambatanisha ratiba ya meli yenye bandari zote ili ofisa aone sababu. Watu wanachanganywa pia na sarafu, Montenegro wanatumia euro lakini siyo Schengen, Croatia ndo imeingia vyote viwili Januari 2023. Halafu zile nchi zisizo Schengen nazo zina masharti yao, ulizia kampuni ya meli kwa maandishi kabisa, usikubali jibu la simu, maana ukizuiwa kupanda meli kwa sababu ya viza ya bandari moja hasara ni yako.

Ukitaka safari isiyo na kichwa kuuma kwa mara ya kwanza chukua ya upande wa magharibi, Hispania, Ufaransa, Italia, Malta. Zote Schengen, zote euro.

Hatua ya pili: gawa bandari zako mafungu matatu

Chukua karatasi, andika bandari zako zote, mbele ya kila moja andika T, B au M.

T ni ya kutembea, unashuka ngazi na mji uko pale pale. Napoli ni hivyo, Messina, Valletta, Genova pia. Hapo usinunue ziara ya meli ya kuzungushwa mjini, kabisa, unalipa mtu akuvushe barabara.

B ni basi moja fupi. Barcelona kuna basi la bandarini linakuleta mpaka kwenye mnara wa Columbus mwisho wa barabara maarufu ya La Rambla. Marseille meli zinafunga mbali kidogo kaskazini, kama kilomita 8 toka bandari ya zamani. Dubrovnik unafunga Gruž, basi la mji linakupeleka Pile, lango la mji wa zamani, dakika chache. Piraeus kwenda Athens naweka hapa pia, ni kilomita kama 10, treni ya mstari wa kijani inakushusha Monastiraki chini ya Akropoli, kile kilima chenye mahekalu ya kale.

M ni mbali. Civitavecchia kwenda Roma, Livorno kwenda Florence, Ravenna kwenda Venice. Hapa ndo pa kufikiria sana na hapa ndo ziara ya meli inaweza kuwa na maana.

Hatua ya tatu: ya meli au ya kwako?

Ukweli usemwe, ziara ya meli ina faida moja kubwa ambayo hakuna mwingine anaweza kukupa, basi lao likichelewa meli inawasubiri au wanabeba jukumu la kukufikisha bandari inayofuata. Ukienda mwenyewe meli haikusubiri, hata kama wanakuona unakimbia gatini. Kwahiyo unanunua bima, ndivyo ninavyoiona mi, na bima unainunua pale hatari ilipo.

Ila safari ya kwanza tulinunua kila bandari kwa woga. Kuşadası tulilipia kwenda Efeso, mi nimekua nasoma Waraka kwa Waefeso nikasema leo naiona kwa macho yangu. Basi likatupeleka kwanza duka la mazulia. Tukakalishwa, tukaletewa chai ya tofaa kwenye vigilasi vidogo, vijana wanakunjua zulia moja baada ya jingine wanalitupa sakafuni, dakika hamsini, mlango umefungwa kwa adabu. Tulipofika Efeso jua la mchana limesimama kichwani na mwongozaji anatuhimiza, ule uwanja wa maonyesho wa kukaa watu kama 25,000, ambao Matendo ya Mitume 19 inasimulia watu walipiga kelele masaa mawili wakimpinga Paulo, tuliupita kwa dakika kumi. Nililia kwenye basi, na siyo kwa hela, ni kwamba sijui nitarudi lini.

Kwahiyo ukinunua ziara ya meli soma maelezo mpaka mstari wa mwisho. Ukiona maneno kama "onyesho la ufundi wa mikono" au "muda wa kununua" jua hilo ni duka. Tafuta inayosema masaa mangapi uko kwenye sehemu yenyewe, siyo masaa mangapi ya ziara nzima. Njia ya kati nayo ipo, kampuni ndogo za wenyeji zinazochukua watu wanane au kumi kwa gari dogo. Bei mara nyingi iko chini ya ile ya meli na wanajua saa ya meli kwasababu wageni wa meli ndo riziki yao. Na Kuşadası kwenyewe kuna daladala, wanaziita dolmuş, zinakwenda Selçuk na zinakushusha njia panda ya Efeso, kilomita kama 20 tu. Ningejua.

Hatua ya nne: hesabu saa kutoka mwisho kuja mwanzo

Hii fanya kwa kalamu. Watu wanaanza na asubuhi, "tutashuka, tutakunywa kahawa, tutaenda...", hapana, anza na saa ya wote kuwa ndani ya meli. Saa hiyo siyo saa ya kuondoka, kwa kawaida ni nusu saa kabla na meli nyingine saa nzima, iko kwenye gazeti la meli linaloletwa chumbani kila jioni na kwenye programu ya simu.

Mfano wa Roma tuliyofanya na mama. Wote ndani 18:30. Nikasema nataka tuwe getini 17:00, yani akiba ya saa moja na nusu. Kituo cha Civitavecchia mpaka getini niliweka dakika 40 kwasababu ya magoti ya mama, treni kama saa moja, kwahiyo treni ya kutoka Roma isizidi 15:15 hivi na nikaangalia na ile inayofuata iwe ipo kama ya akiba. Asubuhi meli imefunga 7:00, mpaka watu wanaruhusiwa na tumetoka ilikuwa kama 7:45, mpaka tumekaa kwenye treni 8:40. Ukitoa yote unabaki na masaa kama matano na nusu Roma yenyewe. Masaa matano na nusu siyo Vatikani na Colosseum (ule uwanja wa kale wa Warumi) na chemchemi ya Trevi na chakula, ni Vatikani na chakula, au ni Colosseum na chemchemi. Chagua.

Na jambo dogo linaloweza kukuumiza, saa za meli zimeandikwa kizungu. Mama akisoma 17:30 anauliza ndo saa ngapi, kwahiyo kila asubuhi nilimwandikia nyuma ya mkono kwa kalamu "saa 11 na nusu jioni", na namba yangu ya simu chini yake. Tena simu yako inaweza kubadilisha saa yenyewe ukishuka nchi nyingine wakati meli imebaki na saa yake. Vaa saa ya mkononi, iache kwenye saa ya meli, usiiguse mpaka mwisho wa safari.

Hatua ya tano: begi la mgongoni

Kadi ya meli, bila hiyo hurudi ndani. Kitambulisho chenye picha. Pasipoti tulikuwa tunaulizia mapokezi kila bandari, sehemu nyingine tuliambiwa tubebe, nyingine tuiache kwenye sefu ya chumbani na tubebe kopi. Dawa za siku nzima pamoja na za usiku, ukichelewa utanishukuru. Chupa tupu ya maji, Roma kuna mabomba ya maji ya kunywa mitaani yanatiririka bure mchana kutwa. Euro za chenji kwa ajili ya choo.

Na kanga. Jamani beba kanga mbili. Makanisa makubwa ya Italia hawaruhusu mabega wazi wala magoti wazi, na wakati wa joto watu wanazuiwa mlangoni wakati wameshapanga foleni saa nzima. Pale kanisa la Mtakatifu Petro dada mmoja mbele yetu amezuiwa na kaptula yake, macho yameshajaa machozi, mama akafungua mkoba akamfunga kanga kiunoni bila hata neno moja la lugha wanayoelewana, yule mlinzi akatabasamu akawapitisha wote wawili. Kanga ni kitambaa cha kukalia, ni kivuli, ni shuka kwenye treni yenye kiyoyozi kikali, na haina uzito.

Simu weka ramani za nje ya mtandao kabla hujashuka, na piga skrinshoti ya mahali meli ilipo. Ukiwa melini baharini simu ikae mtindo wa ndege muda wote, mtandao wa meli unakata hela vibaya hata kama hujapiga simu.

Vibaka wapo. Barcelona kwenye La Rambla, treni za Napoli, metro ya Roma na ya Athens. Hawatumii nguvu, wanatumia msongamano, mtu anakusukuma wakati mlango unafungwa na mwenzake ameshatoa. Mkoba mbele ya tumbo kama uko Kariakoo, basi.

Hatua ya sita: bandari zenyewe, tulivyofanya

*Barcelona.* Kama ndo unaanzia hapo fika siku moja kabla, ndege ikichelewa meli haina habari. Kanisa la Sagrada Família, ambalo limeanza kujengwa 1882, tiketi zake zinanunuliwa mtandaoni kwa saa maalum na siku za wageni wengi zinaisha mapema sana, ukifika mlangoni bila tiketi utaishia kuangalia nje.

*Marseille.* Hapa ndo nilikuwa sitegemei kitu na ndo mama amepapenda. Tulipanda basi mpaka bandari ya zamani, palepale wavuvi asubuhi wanauza samaki kwenye meza, wengine bado wanachezacheza, mama anawapima kwa jicho kama yuko soko la samaki la Deep Sea kwetu Tanga. Halafu kwenye basi la mjini akambebea mama mmoja mfuko ili akae vizuri, yule mama akamwambia "marahaba". Mama akanigeukia, "mbona ananiitikia na sijamwamkia?" Kumbe ni Mkomoro, kwao marahaba ni asante. Marseille ina Wakomoro wengi sana, wameanza kuja zamani kama mabaharia, na lugha yao na yetu ni ndugu wa damu. Wakaanza, huyu Kiswahili huyu Kikomoro, kuelewana nusu kwa nusu, vituo sita hawajanyamaza. Soko la Noailles liko karibu na bandari ya zamani na chakula halali kipo tele, kama wewe ni Mwislamu na umechoka kuulizia nyama melini nenda ukale pale. Kanisa la Notre-Dame de la Garde liko juu ya kilima, usipande kwa mguu na mtu mzima, basi linafika.

*Genova.* Meli iko mjini, kituo cha treni cha Principe kiko hatua chache. Vichochoro vya mji wa zamani vitakukumbusha Mji Mkongwe wa Unguja, nyembamba na nguo zimeanikwa juu. Nusu siku inatosha.

*Civitavecchia na Roma.* Nje ya meli kuna basi la bure la bandari mpaka Largo della Pace, usitembee kwa mguu ndani ya bandari, ni mwendo mrefu na malori yanapita. Kutoka hapo unachukua basi la kulipia au unatembea dakika kama 20 kandokando ya bahari mpaka kituo cha treni. Nunua tiketi inayoitwa BIRG, tulipoitumia ilikuwa euro 12, inakupeleka na kukurudisha kwa treni za kawaida na inafanya kazi kwenye metro na mabasi ya Roma siku nzima. Tiketi ya karatasi lazima uigonge kwenye kimashine pale kituoni kabla ya kupanda, usipogonga ni sawa na huna tiketi na faini yake inauma. Wapo watu watakufuata wanakuambia treni hamna leo njoo na teksi, teksi hiyo ni zaidi ya euro 100, wapite tu, nenda ukasome ubao mwenyewe.

Kama unakwenda Vatikani usifike mpaka Termini, kituo kikuu cha Roma, shuka Roma San Pietro, kuba unaliona toka stesheni na ni mwendo wa dakika 10 mpaka 15. Kanisa kuingia ni bure, kinachokula muda ni foleni ya ukaguzi. Makumbusho ya Vatikani ni kitu kingine, ni ya tiketi, na Jumapili yamefungwa isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi. Jumatano asubuhi Papa huwa anakutana na mahujaji uwanjani, kama ndicho unachotaka ni baraka, kama unataka kuingia kanisani basi panga mchana. Florence vilevile, makumbusho ya sanaa ya Uffizi Jumatatu hawafungui. Angalia siku ya wiki ya kila bandari yako, watu wengi hawaangalii.

Na angalia migomo. Kiitaliano ni sciopero, andika hilo neno na tarehe yako kwenye intaneti siku chache kabla. Siku za kazi treni zinazolindwa kwenye mgomo ni za saa kumi na mbili mpaka saa tatu asubuhi na saa kumi na mbili mpaka saa tatu usiku, na hizo za jioni kwako ni kuchelewa. Siku ya mgomo baki Civitavecchia au nunua ziara ya meli, usijaribu.

*Napoli.* Ukishuka ngome ya Maschio Angioino iko mbele yako kama imekuja kukupokea. Sisi tulikwenda Pompei, magofu ya mji wa kale wa Kirumi. Metro kutoka Municipio mpaka Garibaldi, halafu treni ya Circumvesuviana, dakika kama 40, imejaa na ina joto, na mashabiki wake ni vibaka. Shuka kituo kinachoitwa Pompei Scavi Villa dei Misteri, lango liko mlangoni kabisa mwa kituo, kuna kituo kingine kinaitwa Pompei tu hicho siyo. Tangu mwishoni mwa 2024 wanaruhusu watu 20,000 tu kwa siku na tiketi ina jina lako, kwahiyo nunua kabla na beba kitambulisho.

Mji ulifukiwa na volkano ya Vesuvio mwaka 79 na ukiuona ndo unaelewa kwanini watu wanavuka bahari. Mawe ya barabara yana mifereji miwili iliyochimbwa na magurudumu ya mikokoteni, unaingiza kidole kinazama. Kwenye njia panda kuna mawe makubwa yaliyoinuliwa ya kuvukia watu wasikanyage maji machafu, na nafasi kati ya mawe imepimwa gurudumu lipite. Halafu kuna vibanda vyenye kaunta ya mawe yenye matundu ya duara, ndani yake imezamishwa mitungi ya chakula, mama akasimama upande wa muuzaji akaweka mikono juu ya kaunta akasema huyu alikuwa mama lishe, anageuka hivi anachota, anageuka hivi anapokea hela. Amefanya biashara hiyo miaka 20 soko la Ngamiani, mwongozaji gani angenieleza vile.

Pompei hakuna kivuli na mawe yanateleza, kwa mwenye magoti masaa mawili yanatosha. Rudi Napoli mapema ule pizza Via dei Tribunali.

*Messina.* Usiende popote. Watu wanakimbilia mji wa Taormina, kuzuri, lakini kama umechoka tembea dakika kumi mpaka uwanja wa Duomo, yani kanisa kuu, na uwe pale kabla ya saa sita kamili mchana. Mnara wa kengele una saa kubwa ya vinyago iliyowekwa 1933, mji ulikuwa umejengwa upya baada ya tetemeko la 1908. Ikifika saa sita simba wa shaba anatikisa bendera na kunguruma mara tatu, uwanja mzima unatetemeka, halafu jogoo anapiga mbawa na kuwika, halafu sanamu zinapita moja moja, dakika kama 12, bure. Kaa kwenye baa yenye viti upande wa mnara, agiza granita (barafu laini yenye ladha) na mkate.

*Valletta.* Kama unaweza kuamka alfajiri panda deki ya juu meli ikiingia Bandari Kuu, ngome pande zote mbili rangi ya asali. Mji uko juu ya ukuta, lakini kuna lifti ya mita 58 inakupandisha toka chini mpaka bustani ya Upper Barrakka, mama alishukuru Mungu. Saa sita mchana wanapiga mzinga pale chini, ziba masikio. Kwenye kanisa kuu la Mtakatifu Yohane kuna mchoro mkubwa wa mchoraji Caravaggio wa 1608. Na tega sikio kwenye mabasi, Kimalta kimezaliwa na Kiarabu, sita ni sitta, saba ni sebgħa, kitabu ni ktieb, unajikuta unasoma mabango. Mtume Paulo alivunjikiwa meli kisiwa hiki, Matendo 28, kile kilichoandikwa Melita.

*Santorini*, kisiwa cha Ugiriki, nimalizie nacho, kwasababu wengi ndo ndoto yao. Hakuna gati, meli inakaa katikati ya maji na mnashushwa kwa boti ndogo, wa ziara za meli wanatangulia. Boti zikikuleta bandari ya zamani chini ya mji wa Fira mbele yako ni ukuta wa mwamba. Kuna gari la kamba lenye foleni, kuna ngazi karibu 600, na kuna punda. Punda waache, wanapandishwa ngazi hizo kwenye jua siku nzima na ngazi zenyewe zimejaa kinyesi na utelezi. Shida kubwa siyo kupanda, ni kushuka, wote wanashuka kwa wakati mmoja na foleni ya gari la kamba inaweza kula saa nzima na zaidi, anza kurudi masaa mawili na nusu kabla ya boti ya mwisho. Na tangu Julai 2025 Ugiriki inatoza abiria wa meli ushuru wa kushuka, Santorini na Mykonos ni euro 20 kwa kichwa miezi ya Juni mpaka Septemba, kampuni nyingi wanaiweka kwenye bili yako ya melini kwahiyo usishtuke.

Hatua ya saba: ukiona utachelewa

Usisubiri mpaka umeshachelewa. Kila bandari meli ina wakala wake, jina na simu viko kwenye gazeti la meli, mara nyingi chini kabisa kwa maandishi madogo. Kila asubuhi kabla ya kushuka piga picha ukurasa huo, mi nilikuwa naipiga tukiwa kwenye foleni ya ngazi. Treni ikisimama njiani mpigie hapohapo, mwambie jina lako, namba ya chumba, uko wapi na mko wangapi. Hawezi kukuahidi meli, lakini meli wakijua unakuja katika dakika kumi wana cha kuamua, wasipojua wanainua ngazi.

Ikiondoka usikimbilie uwanja wa ndege. Nenda ofisi ya wakala palepale bandarini kwanza, kama pasipoti uliiacha kwenye sefu wahudumu wa meli mara nyingi wanaitoa na kumkabidhi yeye kabla ya kuondoka. Halafu uliza bandari inayofuata ni ipi na iko nchi gani, maana kama viza yako ni ya kuingia mara moja na bandari hiyo ni Uturuki, usiifuate mpaka umemuuliza wakala utakavyorudi Schengen. Nauli ya kuifuata unalipa mwenyewe, kwahiyo kadi ya benki yenye kitu ndani isibaki chumbani.

Sisi na mama ilibaki kidogo siku ya Napoli, Circumvesuviana ilisimama katikati ya vituo dakika 25 hakuna anayesema kitu. Kwasababu tulikuwa tumeondoka Pompei saa nane mchana na wote ndani ilikuwa saa kumi na moja na nusu, mama alikula chungwa lake, akatandika kanga dirishani kuzuia jua, akalala.